Ukurasa Ambao Sikuugeuza

Mimi ni mkali, sikatai. Mtaani kwetu Kingstanding wanajua nikikasirika hata paka wa jirani anahama kizingiti. Kwa hiyo msinitake nianze hadithi hii kwa upole. Naianza na uongo wangu, maana huo ndio uliozaa mengine yote.

Nilikuwa sijui kusoma. Mwanamke mzima, mjane, mama wa binti, miaka zaidi ya kumi hapa Birmingham, na herufi zote kwangu zilikuwa sawa na nyayo za kuku. Vita vilinikuta darasa la kwanza kule Fizi, Kongo, shule yetu ikalaliwa na askari, tukakimbia. Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, shule ilikuwapo, lakini nilikuwa msichana mkubwa, nikaona aibu kukaa benchi moja na watoto walionifikia kiunoni. Kisha nikaolewa na mwanamume aliyesoma, na macho yake yakatutosha wote wawili. Alipofariki nikabaki na mtoto mgongoni na safari ya Ulaya mbele yangu.

Mtaniuliza, sasa ulijifichaje miaka yote hiyo? Kiingereza kilinificha. Sisi Wakongomani wa hapa, kila mama ana mtoto anayemsomea barua: ya shule, ya daktari, ya halmashauri. Mama anasema, "Hiki Kiingereza kinanichosha, hebu nisomee," na mtoto anasoma huku akitafuna chipsi. Hakuna anayeuliza kama mama huyo angeweza kusoma hata Kiswahili. Binti yangu alinisomea barua tangu ana miaka saba. Nikamwambia, tena kwa maringo, kwamba Kiswahili nakisoma vizuri sana, nilikuwa wa kwanza darasani. Yesu wangu, ulimi huu!

Kanisani ndiko nilikokuwa fundi kabisa. Jumapili ya akina mama, tunaposoma kwa zamu, mimi nilisoma kuliko wote. Siri yangu ilikuwa simu. Maandiko yote yamerekodiwa siku hizi, unabonyeza tu, mzee mmoja mwenye sauti ya radi anakusomea. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nikipika sombe, majani yetu ya muhogo, simu iko juu ya friji, nasikiliza fungu la kesho yake, narudia, nasikiliza, narudia, mpaka linakaa. Jumapili nasimama, nafungua Kitabu mahali nilipowekewa utepe, nainamisha kichwa, nasoma. Watu wanasema amina.

Binti yangu alikuwa na ugonjwa wake wa Jumamosi, kichwa. Nikianza tu kupika, yeye huzima televisheni, anasema kichwa kinamuuma, anakwenda kulala chumbani na kufunga mlango. Nilimgombeza sana. "Ni hiyo simu unayoikodolea macho usiku kucha!" Nilimpa vidonge na glasi ya maji, akavipokea. Ni mtoto mpole, hafanani na mimi. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza cha hapa, na mimi nimezoea kusema upande huu na kujibiwa upande ule.

Basi mwezi wa tisa, mwaka aliotimiza miaka kumi na minne, akaniambia anataka kubatizwa Pasaka. Nilishangilia, nikapiga vigelegele hapo hapo jikoni. Dakika mbili baadaye nikakumbuka kitu, nikakaa.

Kanisa letu lina desturi yake. Mtoto akitoka majini, bado analowa, mzazi humsomea maneno ambayo mtoto mwenyewe ameyachagua. Hayachaguliwi kabla. Mtoto anafungua Kitabu pale pale, anaweka kidole, na mzazi anasoma mbele ya watu wote. Pasta anasema ndivyo mtoto anavyojua kwamba mzazi wake yuko tayari kwa lolote. Sasa mimi ningekuwa tayari na nini? Simu ile yenye sauti ya radi isingenifaa kitu. Na binti yangu, aliyeniamini maisha yake yote, angesimama pale na nywele zinazodondosha maji, akisubiri, akimwona mama yake mwongo.

Wakati huo nilikuwa nasafisha nyumba ya mwanamke mmoja wa Winson Green, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Mtaa wake unaishia kwenye ukuta wa gereza, lakini ndani kwake kulikuwa na maua mpaka bafuni. Alikuwa Mmarekani mweusi wa Georgia, aliyepita miaka themanini. Alikuja huku ujanani kumfuata mume, mtu wa Jamaika aliyefanya kazi kiwandani, na mume alipokufa akabaki. Hawakupata mtoto. Mimi nilimwita Mama Mzee. Aliuliza maana yake, nikamweleza kuwa ni heshima. Akasema kwao ukimwita mwanamke mzee anakurushia kiatu, lakini hilo langu atalichukua.

Alipenda kuimba, basi nikamkaribisha kanisani kwetu Jumapili ya akina mama. Alikuja na kofia ya zambarau, akaketi safu ya pili, kati ya akina mama wawili walioshika Vitabu kama changu. Hakujua neno la Kiswahili. Nilisoma siku hiyo kuliko siku zote, fungu refu ajabu, nikapandisha sauti na kushusha, watu wakasimama. Nilishuka nikiwa nimevimba kichwa.

Jumanne nikawa napiga deki jikoni kwake. Tuliongea Kiingereza, changu cha masikio, kilichovunjika lakini kinafika.

"Somo lako lilikuwa zuri," akasema. "Sikuelewa kitu, lakini lilikuwa zuri."

"Aksanti, Mama Mzee."

"Kwa kuwa sikuelewa, nilitazama mikono tu. Mama wa kulia kwangu aligeuza ukurasa mara mbili akikufuata. Wa kushoto pia, mara mbili. Wewe hukugeuza hata mara moja."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho hapo juu ya sakafu mbichi. Katika kanisa zima, watu wanaojua Kiswahili, wenye macho mazima, hakuna aliyeona. Aliyeona ni huyu bibi wa Georgia asiyejua hata "habari gani". Unafikiri nilikiri? Thubutu! Nilimwakia. Nilimwambia nilikuja kusafisha nyumba, sikuja kupelelezwa. Nikatupa tambara la deki katikati ya jiko, nikatoka na mlango nikaubamiza. Nilipofika kituo cha basi ndipo nikagundua nimeacha koti. Mvua ya mwezi wa kumi na moja, ile ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na mimi na blauzi. Kiburi kikakataa kurudi. Nililoa vizuri, na nilistahili.

Ijumaa nikarudi. Nilijiambia nafuata koti. Lilikuwa limetundikwa karibu na rejeta ya kupasha nyumba joto, kavu, limepigwa pasi. Jamani, koti la mvua kupigwa pasi! Mama Mzee akaniambia niketi. Hakuniuliza kitu. Alinieleza habari za bibi wa mama yake.

Yule bibi alizaliwa mtumwa. Akiwa msichana aliwekwa ndani ya nyumba ya bwana kufuta vumbi na kufagia. Sheria ya kule ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na mtumwa aliyegundulika anajua herufi alichapwa mpaka ngozi ichanike. Wengine walikatwa vidole. Kwa nini waogope hivyo? Kwa sababu mtumwa hakuruhusiwa kutembea barabarani bila karatasi ya bwana wake. Anayejua kuandika angeweza kujiandikia karatasi hiyo mwenyewe, akaenda zake.

Msichana yule alijifunza kwa kusikiliza. Mtoto wa bwana alipokuwa akikariri masomo, yeye alikuwa mle mle na kitambaa chake. Herufi aliyoisikia aliichora kwa kidole kwenye vumbi la meza, akaitazama, akaifuta. Nani amshtaki mfagiaji kwa kufuta vumbi? Baadaye akawafundisha wenzake msituni, ndani ya shimo walilolichimba na kulifunika matawi, watu wazima wamekaa shimoni wakisoma a na b. Halafu akaanza kuandika karatasi. Ya kwanza ilikuwa ya kaka yake, aliyekwenda kaskazini, kusikokuwa na utumwa, na hakurudishwa.

Karatasi zikazidi, mke wa bwana akaanza kumshuku. Siku moja akamwekea mtego. Aliacha karatasi juu ya meza, imeandikwa wazi: mama wa msichana huyu atauzwa Ijumaa. Kisha akasimama mlangoni amtazame usoni.

"Akafanya nini?" nikauliza. Nilikuwa nimeshika koti kifuani.

"Aliinua karatasi, akafuta meza chini yake, akairudisha. Aliirudisha kichwa chini miguu juu, kama mtu asiyejua upande wa herufi ni upi. Uso wake haukutikisika. Akaendelea na viti."

Ulikuwa mtego tu, mama yake hakuuzwa. Lakini msichana yule hakujua. Siku tatu alilala ubavuni mwa mama yake bila kumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba amesoma, na habari ingevuja, na watu wa shimoni wangekufa. Ijumaa ilipofika na mama bado yuko kwenye chungu chake, alitoka nje kwenda kisimani, akatapika.

Mimi nililia. Kule kwetu Fizi, kando ya ziwa, pia watu walifungwa minyororo wakapitishwa Ujiji kwenda pwani, na wazee wetu walilitaja jambo hilo kwa sauti ndogo, wakabadilisha mazungumzo. Sijawahi kusikia mtu analieleza mezani hivi, kwa jina la ukoo wake, bila aibu.

"Yeye alijua, akajifanya hajui," Mama Mzee akasema. "Wewe hujui, unajifanya unajua. Yeye alilazimishwa na mjeledi. Wewe nani anakulazimisha?"

Ndipo nikasema. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilitamka kwa mdomo wangu, "Sijui kusoma." Nikamweleza ya ubatizo, ya Pasaka, ya binti yangu. Kwetu tunasema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha miaka thelathini. Mama Mzee akaweka miwani yake sawa. Akaniambia katika ukoo wao, tangu yule bibi, kila mwanamke humfundisha msichana mmoja kusoma, mezani jikoni, kabla hajaenda shule. Mama yake alimfundisha yeye. Yeye hakupata wa kumfundisha, na alishakubali kwamba mnyororo huo mzuri utakatikia kwake. "Sogeza kiti," akasema.

Somo letu lilikuwa kichekesho. Yeye alizijua herufi, hakujua Kiswahili. Mimi nilikijua Kiswahili, sikuzijua herufi. Alimwaga unga wa ngano kwenye sinia, akachora, akatamka kwa mdomo wa Georgia: "Ma. Ji." Mimi nazungusha akilini, halafu naruka kwenye kiti: "Maji! Mama Mzee, ni maji!" Naye anafurahi kwa neno asilolijua mpaka namwonyesha bomba. Tulipata daftari, kila neno nililolishika yeye aliandika maana yake pembeni. Kwa hiyo nikijifunza kusoma, yeye anajifunza Kiswahili, na nyumba inabaki chafu. Siku nyingine nilisafisha kwa dakika ishirini za mwisho, mbio mbio.

Haikuwa rahisi. Kuna siku nilirusha penseli ikagonga jokofu. Kuna siku nilimwambia kichwa changu kimeshakauka, kuni hazikunjwi. Yeye aliokota penseli, na miaka yake themanini, akaniwekea mbele. Herufi b na d zilinitesa mpaka Krismasi. Nyumbani niliandika kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha la jiko, nikisikia hatua za binti yangu nafuta haraka kwa kitambaa. Nilimkumbuka yule msichana na meza yake. Siku hizo ndizo nilizoanza kumshukuru, mtu aliyekufa zamani katika nchi nisiyoifikia.

Jumanne moja, majuma mawili kabla ya Pasaka, niliingia kwa ufunguo wangu kama kawaida. Jikoni kulikuwa na karatasi chini ya kikombe. Mikono ya mfagiaji haina akili: nikainua kikombe, nikainua karatasi, nikafuta meza, nikairudisha. Nilikuwa nimeshageukia sinki herufi ziliponivuta nyuma. Zilikuwa kubwa, za kutetemeka.

LEO HAPANA FAGIA. KAA. KUNYWA CHAI NA MIMI.

Niligeuka. Mama Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango, ananitazama usoni. Alikuwa amelitunga peke yake kutoka kwenye daftari letu, Kiswahili chake cha kwanza kuandika. Wee! Nilipiga yowe. Nililia kwa sauti, makamasi na kila kitu, nikaangua kicheko, nikalia tena. Nikamwomba msamaha kwa kelele.

"Lia, mwanangu," akasema. "Msichana yule hakuruhusiwa."

Siku hiyo sikufagia. Tulikunywa chai, na ile karatasi ninayo.

Ijumaa nilipotoka kwake nikapanda basi mpaka Small Heath kununua kitambaa cheupe cha ubatizo. Duka la Coventry Road ninalolijua ni la Msomali aliyekulia Nairobi. Ukutani amebandika tangazo kwa lugha tatu. Nikiwa nakipapasa kitambaa, nikainua macho na kusoma kwa sauti: "Tafadhali usiguse vitambaa."

"Mama!" akasema. "Leo ndiyo umeiona? Miaka minne unashika tu, nikadhani ni kiburi!"

"Kilikuwa kiburi," nikamjibu. Nikacheka mpaka akahisi nimerukwa na akili.

Jumapili ya Pasaka ukumbi ulijaa. Bwawa letu ni la plastiki, hujazwa kwa mpira, na vijana walikuwa wakimimina maji ya birika kupunguza baridi. Mama Mzee alikuja na kofia yake ya zambarau, akaketi safu ya pili, safari hii na daftari letu mapajani. Binti yangu akaingia majini na gauni lile jeupe, pasta akamzamisha, akatoka anatetemeka. Nikampa taulo. Shemasi akaleta Kitabu.

Alifungua. Hakufungua ovyo, alitafuta, akipekua kwa vidole vilivyolowa. Akaweka kidole. Nikatazama, na nikautambua mstari kabla sijausoma: ule wa "Yesu akalia machozi", maneno matatu tu, ambao kila mtoto wa shule ya Jumapili anaujua hata bila Kitabu. Hakuna mama Mkristo asiyeweza kuusema kwa kichwa. Watu wengine walicheka kidogo, wakadhani mtoto anaona uvivu.

Nikamtazama binti yangu usoni, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, hautikisiki. Hapo nikaelewa. Alijua. Mtoto wangu alijua, na alikuwa amepekua Kitabu kizima kunitafutia mlango mdogo wa kutorokea, mbele ya watu wote, siku yake mwenyewe.

Nikausoma mstari ule. Maneno matatu. Shemasi akanyoosha mkono achukue Kitabu. Sikumpa. Nikaweka kidole kwenye mstari unaofuata, nikausoma, pole pole, nikikwama kwenye neno moja na kulirudia. Nikasoma unaofuata huo. Pasta akakohoa. Binti yangu akanyanyua kichwa kwenye taulo, akatazama kidole changu kinavyotembea, na uso ule uliotulia ukavunjika. "Mama," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili, "endelea."

Nikaendelea mpaka chini. Nikageuza ukurasa. Kwenye safu ya pili kofia ya zambarau ilisimama peke yake, ikapiga makofi, na hakuna mtu mwingine ukumbini aliyejua ni kwa nini.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilikuwa nikimkausha nywele. Nikamuuliza amejua tangu lini. Tangu ana miaka minane, akasema. Alinisikia Jumamosi moja nikirudia maneno ya kwenye simu, na televisheni ilikuwa inanichanganya, nikawa nakosea.

Mkono wangu na taulo ukasimama. "Kwa hiyo kichwa..."

"Hakijawahi kuuma, Mama."

"Na vidonge vyote vile nilivyokupa?"

Viko kwenye soksi, akasema, chini ya kitanda. Aliogopa nikivikuta kwenye pipa nitajua. Nilimshika kichwa kile kizima, kisichoumwa, kwa mikono miwili, nikamwambia aksanti. Kisha nikamalizia kumkausha nywele, maana nje kulikuwa na baridi na Mama Mzee alikuwa anatusubiri kwenye kituo cha basi.